Kisasi si hasira: Haki ya damu na mlango wa msamaha

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika imani, Ijumaa moja baada ya swala mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti, mahali tunapovulia viatu. Mwanawe wa kiume alikuwa ameuawa kwa kisu katika ugomvi wa fedha kwenye kijiwe cha bodaboda. Kijana aliyeshitakiwa ni mtoto wa jirani. Wawili hao walikua pamoja na kusoma chuo kimoja cha Qur'ani. Mama wa mshitakiwa alikuwa akija nyumbani kwa mzee huyo kila baada ya siku chache, anaketi barazani, analia, hasemi neno. Mzee akaniuliza: "Sheikh, mwanangu ana haki ya damu. Nikimsamehe huyu, je, nitakuwa nimemsaliti mwanangu?"

Nakiri kwamba siku ile nilimjibu kwa haraka. Nilimkumbusha kwamba Qur'ani Tukufu imeweka sheria ya kisasi, nikamwombea subira, nikaondoka kwa kuwa darasa lilikuwa likinisubiri. Nililomwambia lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa nusu ya jawabu, na nusu ya jawabu katika jambo la damu yaweza kumpoteza mtu. Makala ya leo ni ile nusu iliyobaki.

Uhai ni amana

Tuanze na msingi ambao Waislamu hawahitilafiani juu yake. Uhai wa mwanadamu si mali yake mwenyewe, wala si mali ya mtawala. Ni amana ya Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mola wetu anatufahamisha kwamba mwenye kuiua nafsi moja pasipo haki ni kama aliyewaua watu wote, na mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Tazama, ndugu msomaji, namna aya hiyo ilivyopima. Haikusema nafsi ya Mwislamu peke yake, wala ya mtu mwema peke yake. Imesema nafsi.

Kwa sababu hiyo, anayeua kwa makusudi amefanya dhambi miongoni mwa dhambi kubwa kabisa. Familia ya aliyeuawa inapolia na kudai haki, haidai jambo la kishenzi. Inadai jambo ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe amelitambua. Katika Suratul Israi, aya ya 33, tunaelezwa kuwa aliyeuawa kwa dhulma, walii wake amepewa mamlaka juu ya jambo hilo. Lakini aya hiyohiyo, kabla ya kumalizika, inamkataza walii huyo asipindukie mpaka katika kuua. Haki na mpaka wake vimeteremshwa pamoja, katika aya moja.

Neno kisasi na maana yake

Neno letu la Kiswahili "kisasi" limetokana na neno la Kiarabu "qisas". Bahati mbaya, neno lilipovuka bahari maana yake ilibadilika. Kwetu sisi, mtu wa kisasi ni mtu mwenye kinyongo, anayengoja siku ya kumdhuru aliyemdhuru. Katika Kiarabu, asili ya neno hilo ni kufuata nyayo hatua kwa hatua. Ndilo lililotumika katika Qur'ani pale mama yake Nabii Musa (A.S.) alipomwagiza binti yake amfuatilie mtoto aliyetiwa mtoni. Basi qisas ni kuufuata uhalifu kwa kipimo chake, bila kuzidisha hata hatua moja.

Ili tuelewe uzito wa kipimo hicho, tukumbuke hali ya Waarabu kabla ya Uislamu. Mtu mmoja wa kabila lenye nguvu akiuawa, jamaa zake hawakuridhika na muuaji. Walitaka mtu mkubwa zaidi yake, au watu kumi kwa mmoja. Wanahistoria wanatuhadithia vita vya Basus baina ya Bakr na Taghlib, makabila mawili yaliyokuwa ndugu. Chanzo chake kilikuwa ngamia jike mmoja aliyepigwa mshale, na inasemekana viliendelea kwa miaka 40. Waliozikwa mwishoni hawakuwahi hata kumwona ngamia huyo.

Katika mazingira hayo ndipo iliposhuka aya ya 178 ya Suratul Baqara. Iliweka usawa: anayewajibika ni muuaji peke yake, si ndugu yake, si kabila lake. Kisha, ndani ya aya hiyohiyo, Mwenyezi Mungu akafungua mlango wa pili: anayesamehewa na ndugu yake, jambo hilo lifuatiliwe kwa wema, na fidia ilipwe kwa ihsani. Neno lililotumika ni "ndugu". Muuaji na mfiwa wanaitwa ndugu katika aya ya damu! Na Mola akaueleza mpango huo kuwa ni tahafifu na rehema itokayo kwake. Aya inayofuata ikasema kuwa katika qisas mna uhai kwa wenye akili. Wafasiri wameeleza kwamba anayejua kuwa atauawa hujizuia asiue, hivyo wawili husalimika. Na kwamba kifo cha mmoja kwa haki huzuia vifo vya wengi kwa fitina.

Haki iliyo mikononi mwa warithi

Sheria ya Kiislamu haikuiacha haki hii ielee hewani. Mwenye kuhukumu na kusimamia ni kadhi na dola. Haijuzu mtu kuitekeleza kwa mkono wake barabarani. Lakini mwenye kuamua kati ya kisasi, fidia na msamaha ni mrithi wa aliyeuawa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, kila mrithi ana sehemu katika haki hiyo, mwanamume na mwanamke, mjane na mtoto. Mmoja wao akisamehe, hata akiwa ni mjane peke yake kati ya warithi kumi, kisasi kinaanguka, na waliobaki wana haki ya fidia tu.

Zaidi ya hapo, ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mchanga, madhehebu hayo yanasema asubiriwe mpaka abaleghe, na muuaji akae kifungoni muda wote huo, kwa kuwa huenda mtoto huyo akikua atasamehe. Mtu anawekwa hai miaka 15 kwa kutaraji neno la msamaha kutoka katika kinywa ambacho bado hakijaota meno. Sheria yenye kiu ya damu haiwezi kupangwa hivyo.

Haki hii ina upande wake mwingine, nao tusiufiche. Kwa anayepora na kuua njiani, akawatia watu hofu, jambo ambalo wanazuoni huliita hiraba, msamaha wa jamaa hauondoi adhabu, kwa kuwa hapo jamii nzima imeshambuliwa. Hata hivyo, aya ya 34 ya Suratul Maida imewatoa wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Na Imam Malik amesema kuwa muuaji wa makusudi aliyesamehewa na warithi hupigwa mijeledi 100 na kufungwa mwaka mmoja. Kusamehewa shingo si sawa na kurudishwa mtaani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtu aliyekuja na muuaji kwa kamba

Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake, kutoka kwa Wail bin Hujr (R.A.), kisa ambacho kila familia yenye msiba wa aina hii ingefaa kukijua. Mtu mmoja alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akimvuta mwenzake kwa ukanda wa ngozi, akasema kuwa huyo ndiye aliyemuua ndugu yake. Mtume akamgeukia aliyefungwa, akamwuliza kama ni kweli. Akakiri. Alieleza kuwa walikuwa wakipukutisha majani ya mti, marehemu akamtukana na kumkasirisha, naye akampiga shoka kichwani.

Mtume (S.A.W.) hakuamrisha upanga uletwe. Alimwuliza muuaji kama ana chochote cha kujikombolea. Akajibu kuwa hana ila nguo aliyovaa na shoka lake. Akamwuliza kama jamaa zake watamkomboa. Akasema yeye ni mnyonge mno mbele ya jamaa zake. Basi Mtume akamrushia mfiwa ule ukanda, akamwambia amchukue mtu wake. Haki ilithibiti na ikakabidhiwa kwa mwenyewe. Lakini alipogeuka kuondoka, Mtume akasema kuwa akimuua atakuwa sawa naye.

Maneno hayo yakamfikia mfiwa, akarejea. Mtume akamwuliza kama hataki mtu yule abebe dhambi zake yeye pamoja na za ndugu yake aliyeuawa. Hapo akautupa ukanda na kumwacha huru. Imam Nawawi, alipokuwa akisherehesha Sahihi Muslim, alieleza kwamba usawa uliokusudiwa si usawa wa dhambi, kwa kuwa mfiwa angekuwa amechukua haki yake. Bali ni kwamba wangetoka pale hakuna mwenye fadhila juu ya mwenzake. Fadhila ilikuwa katika kusamehe.

Si kisa cha zamani tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2014, katika mji wa Nour nchini Irani, kijana mmoja alisimamishwa juu ya kiti huku kitanzi kikiwa shingoni, akilia na kuomba ahurumiwe. Alikuwa amemuua kijana mwenzake katika ugomvi wa mtaani mwaka 2007. Kwa sheria ya nchi hiyo, jamaa wa marehemu ndio waliokuwa na neno la mwisho. Mama wa marehemu, ambaye alikuwa amempoteza mtoto mwingine kabla ya hapo kwa ajali, akapanda, akampiga yule kijana kofi moja usoni, kisha yeye na mumewe wakakivua kile kitanzi. Picha zilizosambaa duniani zilimwonyesha mama wa aliyesamehewa akimkumbatia mama wa aliyeuawa, wote wawili wakilia. Kofi lile lilisema kuwa uchungu upo. Mikono iliyovua kitanzi ikasema kuwa uchungu si lazima uzae maiti ya pili.

Pasipo yakini hapana kisasi

Sharti jingine la haki hii ni yakini. Mafakihi wamekubaliana juu ya kanuni kwamba adhabu nzito huzuiwa na shaka. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) mafunzo kwamba kiongozi kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Wanazuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, lakini maana yake imepokelewa na umma.

Mahakama zetu nazo zinaijua hatari hiyo. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa mwongozo mashuhuri kuhusu shahidi anayesema amemtambua mhalifu kwa macho: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na je, alimfahamu kabla? Maswali hayo yasingehitajika kama jicho la mwanadamu lisingekosea. Nchini Japani mzee mmoja aliyehukumiwa kifo mwaka 1968 alitangazwa kuwa hana hatia mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 88. Aliyefungwa kimakosa hufunguliwa mlango. Aliyenyongwa kimakosa huombewa dua tu.

Sheria tuliyorithi

Sasa tuitazame hali ya nchi zetu. Baadhi ya Waislamu husikia kuwa jaji amemhukumu mtu kunyongwa hadi kufa, wakadhani kuwa hiyo ndiyo qisas. Sivyo. Sheria hiyo tuliirithi kutoka kwa utawala wa Waingereza, na katika mpango wake mfiwa ni shahidi tu. Mwenye kesi ni Jamhuri. Mjane hawezi kusamehe, yatima hasubiriwi akue, na jamaa hawapati fidia katika hukumu hiyo. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania imemlazimisha jaji kutoa adhabu moja tu kwa aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, pasipo kupima kama mtu huyo alipanga kwa miezi au alipandwa na ghadhabu za dakika moja. Waliovuliwa katika adhabu hiyo ni mama mjamzito na mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18.

Jambo hili limeshindaniwa mahakamani. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania alitamka kuwa adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba; mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa adhabu ya kifo ya lazima. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ikafanya hivyo kwa kosa la mauaji. Na tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima nchini Tanzania inakiuka haki ya uhai. Kwa utekelezaji, mtu wa mwisho kunyongwa Kenya alinyongwa mwaka 1987, na Tanzania mwaka 1994. Tangu hapo wengi waliohukumiwa wameishi miaka na miaka bila kujua kama mlinzi anayekuja asubuhi analeta uji au analeta habari ya mwisho.

Msimamo wangu ni huu. Mwislamu hawezi kukanusha kuwa qisas ni hukumu ya Mwenyezi Mungu. Lakini qisas ni jengo lenye nguzo: yakini ya ushahidi, usawa wa malipo, na hiari ya warithi. Anayebomoa nguzo mbili na kubakisha kitanzi peke yake asiseme kuwa amesimamisha jengo la Qur'ani. Kwa hiyo Mwislamu anayetaka jaji apewe nafasi ya kupima, na jamaa wa marehemu wapewe nafasi ya kusamehe au kufidiwa, hapingani na Kitabu chake. Yuko karibu nacho zaidi kuliko anayeshangilia hukumu asiyoijua misingi yake.

Msamaha nao una maadui

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba mlango wa msamaha unaweza kuchezewa. Pakistani iliingiza sheria za qisas na diya mwaka 1990. Ikaonekana kwamba kaka amemuua dada yake kwa kisingizio cha heshima ya ukoo, kisha baba, ambaye ndiye mrithi, anamsamehe muuaji, na binti anakosa wa kumtetea. Mwaka 2016 bunge la nchi hiyo lilibadili sheria ili muuaji wa namna hiyo asiepuke kifungo cha maisha hata akisamehewa. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja aliyewaua watu wawili mjini Lahore aliachiwa baada ya familia zao kulipwa fedha nyingi, na wananchi wengi walilalamika kuwa shinikizo la wakubwa ndilo lililosamehe. Msamaha wa kulazimishwa si msamaha. Ndiyo maana fikihi inadai hiari, na dola inabaki na wajibu wa kumwadhibu muuaji kwa kadiri ya maslahi ya jamii.

Kitanzi cha barabarani

Kuna adhabu ya kifo nyingine ambayo haimngoji jaji, nayo inatekelezwa katika mitaa yetu. Mtu anapiga ukelele wa "mwizi!", na kabla ya adhana inayofuata kijana amekwishapigwa mawe na kuchomwa kwa tairi. Magazeti huandika kuwa aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ni cheo cha hakimu. Hapo hapana shahidi, hapana utetezi, hapana mrithi wa kuulizwa, na hata kosa lenyewe halistahili kifo. Kila aliyetupa jiwe ana sehemu yake katika damu ile.

Ubaidullah, mwana wa Khalifa Umar (R.A.), baada ya baba yake kuuawa mwaka wa 23 Hijria, alimuua Hurmuzan kwa kudhani kuwa alishiriki njama. Uchungu wake ulikuwa mkubwa na baba yake alikuwa khalifa, lakini hakuna aliyesema kuwa kitendo kile ni haki. Masahaba walijadiliana kama naye auawe, na Khalifa Uthman (R.A.) akaimaliza kesi kwa kulipa diya kutoka katika mali yake mwenyewe. Na mapokezi ya kihistoria yanaeleza kwamba Ali (R.A.), alipopigwa upanga na Ibn Muljam mjini Kufa, aliwausia wanawe mfungwa alishwe, yeye akipona ataamua mwenyewe, na akifa basi ni pigo moja kwa pigo moja, asikatwekatwe. Hicho ndicho kipimo cha watu waliofunzwa na Mtume. Wazazi, tuwaambie watoto wetu: likitajwa jina la mwizi, kimbilia polisi, usikimbilie jiwe.

Jawabu la mzee wangu

Namrudia yule mzee. Imam Ibnul Qayyim ameeleza kwamba katika mauaji mna haki tatu: ya Mwenyezi Mungu, ya warithi, na ya aliyeuawa. Haki ya Mwenyezi Mungu hufutika kwa toba ya kweli. Haki ya warithi humalizika kwa kisasi, kwa sulhu au kwa msamaha. Haki ya aliyeuawa hubaki hadi Siku ya Kiyama, na hapo Mola humridhisha mja wake kwa fadhila zake.

Basi, mzee wangu, ukisamehe unasamehe haki yako wewe. Ya mwanao haiko mkononi mwako, iko kwa Asiyesahau. Hujamsaliti. Na usiposamehe, hakuna mwenye haki ya kukulaumu wala kukuita mwenye moyo mgumu. Usisamehe kwa kuona haya machozi ya jirani wala kwa kuwaogopa masheikh. Ukiamua kusamehe, ujue kuwa kesi ya mahakamani haifungwi na neno lako. Lakini waweza kuliandika, kwa kuwa Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe au kubadilisha adhabu, na sauti ya mfiwa mbele ya mamlaka hayo si sauti ndogo. Suratu Shura, aya ya 40, imeahidi kwamba mwenye kusamehe na kusuluhisha, malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Hayakutajwa kiasi, kwa sababu Mlipaji mwenyewe hana ukomo.

Nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza haya. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Alimwita mkewe, akamwambia amletee kahawa yule mama aliyekuwa ameketi barazani.

Ewe Mola, wahurumie waliouawa, wape subira waliofiwa, waongoze waliokosa kwenye toba, na uzikinge nyumba zetu na damu ya haramu. Wallahu a'lam.